Mwana wa Trekta

Kipo kisa kimoja cha Italia ambacho wapenda motokaa husimuliana tangu Ulaya hata kwetu, na yamkini wewe msomaji umekwisha kukisikia. Tajiri mmoja aliyeunda matrekta, jina lake Ferruccio Lamborghini, alikuwa amenunua motokaa ya Ferrari. Klachi yake ikawa haina utulivu. Hutengenezwa leo, huharibika kesho. Tajiri akafunga safari mpaka Maranello ili amweleze Enzo Ferrari, bwana wa kiwanda. Ferrari alikuwa mtu wa majivuno. Akamjibu kwamba gari halina kosa. Kosa ni la dereva, naye aliyezoea matrekta na arudi kwenye matrekta yake. Lamborghini akaondoka na uchungu moyoni, akaapa kuunda gari litakaloipita Ferrari, na mwaka 1964 gari lake la kwanza, lililoitwa 350 GT, likaanza kuuzwa. Hapo kisa hufika mwisho, na wasikilizaji hupiga makofi.

Ni kisa kizuri. Kina tusi, kiapo na ushindi, nayo ni mambo matatu yasiyokosa kumfurahisha mwanadamu. Lamborghini mwenyewe alikisimulia miaka mingi baadaye, na waliompokea wamekitia chumvi kila mmoja kwa kadiri ya mkono wake, hata maneno ya Ferrari hayafanani katika vinywa viwili. Sikusudii kukipima kwa mizani ya hakimu, kwamba nani alisema nini na nani alisikia. Nakusudia kukihakiki kama tuhakikivyo hadithi yoyote darasani: chasema nini, chanyamaza nini, na chamfunza nini anayekisikia. Hadithi ya asili ya kitu si pambo tu. Ni mafunzo ya namna kitu hicho kinavyopatikana. Kijana akiamini kwamba gari huzaliwa na hasira, ataketi angoje kutukanwa.

Kwanza tutazame umbo la kisa. Wahenga walisema hasira hasara. Kisa hiki chasema hasira ni mtaji. Hilo peke yake latosha kumfanya msomaji makini asite. Si kwamba methali haiwezi kupingwa, la; ziko methali zinazopingana zenyewe kwa zenyewe. Lakini mwenye kuipinga hapana budi alete ushahidi, na kisa hiki hakileti. Charuka kutoka tusi hadi gari, kana kwamba kati ya mlango wa Ferrari na gari lililokamilika hapakuwa na kitu ila ghadhabu. Kuruka huko ni desturi ya hadithi za mashujaa duniani kote. Wajaluo husimulia habari za Luanda Magere wa Kano, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki haikumdhuru, mpaka siri ya kivuli chake ilipojulikana. Vita vya watu wengi vimekusanywa katika mwili wa mtu mmoja, kwa sababu sikio hushika jina moja upesi kuliko majina mia. Nasi twaipenda hadithi hiyo wala haitupotezi, maana twajua kuwa ni hadithi. Hatari huanza pale hadithi ya namna hiyo inapotolewa kuwa ndiyo historia ya kiwanda.

Sasa na tuyatazame mambo yenyewe. Ferruccio Lamborghini alizaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Renazzo, sehemu za Cento, katika jimbo la Emilia, kaskazini ya Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mizabibu. Kijana huyu alivutwa na mitambo ya shamba kuliko shamba lenyewe, akasomea ufundi, na vita vilipozuka akaingizwa katika jeshi la anga, akapelekwa kisiwa cha Rhodes kuwa fundi wa magari. Mtu aliye kisiwani wakati wa vita hapati vipuri vipya kwa kuandika barua. Hutengeneza kwa alichonacho. Kisiwa kilipoangukia mikononi mwa Waingereza alifanywa mateka, na mwaka 1946 akarudi kwao akafungua karakana ndogo katika mji wa Pieve di Cento.

Italia ya siku zile ilikuwa imejaa mashamba yasiyo na mitambo na mitambo ya vita isiyo na kazi. Lamborghini aliona kwamba njaa ya upande mmoja yaweza kushibishwa na ziada ya upande wa pili. Akanunua injini na vyuma vilivyoachwa na majeshi, akaviunganisha, akafanya matrekta. Petroli ilikuwa ghali kwa mkulima, basi akabuni chombo kilichowezesha injini kuwashwa kwa petroli kidogo kisha kuendelea kwa dizeli, iliyokuwa rahisi. Mwaka 1948 kiwanda chake cha matrekta kikasimama. Mwaka huo huo aliingia katika mashindano ya Mille Miglia kwa Fiat ndogo aliyoitengeneza kwa mikono yake, akagonga mkahawa kabla hajafika mwisho. Baadaye akaongeza kiwanda cha mitambo ya kupashia nyumba joto.

Msomaji, hesabu miaka hiyo. Tangu karakana ya Pieve di Cento hadi kampuni ya motokaa iliyoanzishwa mwaka 1963 ni miaka kumi na saba. Na tangu mwana wa mkulima alipogonga mkahawa kwa Fiat yake hadi kampuni hiyo ni miaka kumi na mitano. Basi tamaa ya magari haikuzaliwa mlangoni pa Ferrari. Ilikuwako tangu zamani, ikingoja fedha na ujuzi. Na fedha na ujuzi vililetwa na nini? Vililetwa na trekta. Kila lira iliyojenga kiwanda cha motokaa ilikuwa imepita kwanza mkononi mwa mkulima aliyenunua trekta na kuridhika nalo.

Hapa ndipo napenda usimame nami kitambo, kwa kuwa hapa ndipo kisa kinapokosea zaidi. Tusi la Ferrari lilijengwa juu ya dhana kwamba trekta ni kitu duni na anayeliendesha ni mtu duni. Lamborghini alilikataa tusi hilo. Lakini je, kisa kinalikataa? Mimi nasema hakilikatai. Kisa chalishika tusi la Ferrari kama lilivyo, kisha chamwokoa shujaa kwa kumtoa kwenye trekta na kumpandisha kwenye motokaa, mithili ya mtu aliyetolewa matopeni akavikwa kanzu nyeupe. Trekta hubaki kuwa aibu iliyofutwa. Msikilizaji apigaye makofi mwishoni, pasipo kujua, ampigia makofi Ferrari.

Jambo hili latuhusu sana sisi tukaao pande hizi za Asumbi. Matrekta twayajua, huko Awendo na Rongo huvuta miwa kwa maguduria yaliyojaa pomoni, na mashambani hulima pale ambapo jembe lingechukua juma zima. Walakini katika shule nyingi za nchi yetu adhabu ya mchelewaji imekuwa ni kushika jembe, na mwanafunzi mzembe huonywa kwamba asiposoma atakwenda kulima. Tumewafunza watoto wa wakulima kuona kazi ya wazazi wao kuwa kifungo. Kisha twawapa kisa cha Lamborghini kiwe mfano wa maendeleo, nacho chawaambia lile lile: kimbia trekta, ukaonekane katika motokaa. Nawauliza walimu wenzangu, na hasa wale wanaosomea ualimu, ni somo gani hilo?

Ukweli ni kinyume. Trekta halikuwa aibu ya Lamborghini, bali lilikuwa shule yake. Mkulima hanunui kitu kwa sura. Hununua kitakachowaka alfajiri ya baridi, kitakachovuta udongo mzito mchana kutwa, na ambacho kikivunjika fundi wa kijijini aweza kukifungua. Mwenye kumuuzia mkulima chombo kibovu husikia habari zake sokoni kabla ya juma kwisha. Mtu aliyelelewa na wanunuzi wa namna hiyo hana budi kuijua klachi. Hata katika kisa chenyewe yasimuliwa kwamba Lamborghini aliifungua ile klachi ya Ferrari akaona ni ya namna ile ile aliyoitia katika matrekta yake. Iwe kweli au chumvi, angalia maana yake: aliyeweza kumkosoa Ferrari hakuwa mtu aliyeliacha trekta, bali mtu aliyelijua trekta.

Jambo la pili ambalo kisa chanyamazia ni watu. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mtu mmoja haundi injini ya silinda kumi na mbili. Injini ya 350 GT ilichorwa na mhandisi Giotto Bizzarrini, ambaye hapo kwanza alikuwa mfanyakazi wa Ferrari mwenyewe, akashiriki sana katika kuiunda ile Ferrari 250 GTO mashuhuri. Mwishoni mwa mwaka 1961 yeye na wakubwa wenzake kadhaa walitengana na Ferrari kwa ugomvi. Kazi ya gari zima ikashikwa na Giampaolo Dallara, ambaye naye alikuwa amepitia Ferrari na Maserati, akisaidiwa na Paolo Stanzani. Wote wawili walizaliwa mwaka 1936, basi mwaka 1963 walikuwa hawajatimiza miaka thelathini. Aliyeyajaribu magari barabarani alikuwa kijana kutoka New Zealand, Bob Wallace. Waona, basi, kwamba hata ujuzi uliotumika kushindana na Ferrari kwa sehemu kubwa ulitoka nyumbani kwa Ferrari.

Wala hawa hawakukutana kwa bahati. Lamborghini alijenga kiwanda katika mji mdogo wa Sant'Agata Bolognese, kati ya Bologna na Modena. Modena ndiko waliko Maserati, na Maranello ya Ferrari i karibu. Katika eneo hilo dogo mlikuwa mmejaa wasubu wa chuma na alumini, wachongaji, wagonga bodi, na mafundi ambao baba zao walikuwa mafundi. Mwenye kutaka kipande fulani hakuagiza ng'ambo, alipanda baiskeli. Na pale ambapo wengine walikuwa wamekwisha kufanya vizuri zaidi, Lamborghini hakuona haya kununua: sanduku la gea la 350 GT lilitoka kwa ZF ya Ujerumani, na breki zilitoka kwa Girling ya Uingereza. Kisa cha hasira hakina nafasi ya mambo haya, kwa kuwa mwenye kulipiza kisasi hasimami njiani kuuliza bei ya breki.

Jambo la tatu ni kosa, nalo kwa mwanafunzi ndilo la thamani kuliko yote. Injini ya Bizzarrini iliunguruma kwa mara ya kwanza mwezi Mei 1963, nayo ilitoa nguvu za farasi zaidi ya 350. Mwishoni mwa mwaka huo gari la mfano, lililoitwa 350 GTV, likapelekwa katika maonyesho ya Torino. Umbo lake lilikuwa kazi ya Franco Scaglione. Watu wakalizunguka na kulitazama, lakini kifuniko cha injini hakikufunguliwa, kwa kuwa ndani hamkuwa na injini. Bodi ilikuwa imekwisha kuundwa ndipo ikaonekana kwamba injini haiingii. Basi wakatia vigae mahali pake ili gari lisimame kwa uzito unaofaa.

Hebu fikiri. Mtu aliyetaka kumwaibisha bingwa wa dunia asimama mbele ya dunia na gari lililobeba vigae! Kama hasira ndiyo ingekuwa nahodha, chombo kingezama pale pale. Ghadhabu ingemhimiza aliuze gari lile lilivyo, au aliwanie taji la mashindano kwa injini kali iliyokusudiwa na Bizzarrini. Lamborghini alifanya jambo la mtu wa matrekta: alirudi karakanani. Sura ya Scaglione ikapelekwa kwa kampuni ya Touring ya Milano, ikafanywa upya kwa alumini nyepesi. Dallara akaipunguza injini ukali, ikabaki na nguvu karibu 280, ili idumu na isimchoshe dereva. Bizzarrini hakupendezwa, akaenda zake. Mwezi Machi 1964 gari jipya likaonyeshwa Geneva, na mwaka huo yakauzwa kumi na matatu tu. Hata mwisho wa 350 GT yaliundwa magari 120.

Je, lilikuwa gari zuri? Swali hilo halina jibu mpaka tujue lilikusudiwa kufanya nini, maana mhakiki hapimi kinu kwa kazi ya chungu. Herufi GT zasimama mahali pa maneno ya Kiitaliano, gran turismo, ambayo sisi twaweza kuyaita safari kuu. Si gari la mashindano, wala si gari la kwendea sokoni. Ni la watu wawili na mizigo yao, kuondoka mji mmoja asubuhi na kufika mwingine ulio mbali, kwa mwendo wa kasi, bila kiungo kuuma wala sikio kuvuma. Mwaka huo huo wa 1964 ndipo Waitaliano walipoimaliza Autostrada del Sole, barabara kuu iliyoanzwa mwaka 1956 kuunganisha Milano na Napoli. Gari la safari kuu bila barabara kuu ni mtumbwi nchi kavu. Basi barabara nayo ni mzazi mmojawapo, ingawa haitajwi katika kisa.

Likipimwa kwa kipimo hicho, 350 GT lilifaulu. Uso wake wenye taa za duaradufu zilizotokeza nje haupendezi kila jicho; mimi waniona kama uso wa mtu aliyeshtuliwa usingizini. Lakini mstari wa paa washuka nyuma kwa upole, nguzo zake ni nyembamba, na vioo vyake vipana humpa dereva kuona pande zote, kama aonavyo mtu aliyeketi juu ya trekta. Injini ilipopunguzwa ukali ilipata kitu bora kuliko ukali, nacho ni maisha marefu. Mchoro wake, ukikuzwa na kurekebishwa mara kwa mara, uliendelea kutumika katika magari ya Lamborghini hata mwaka 2010. Hasira ya mtu hudumu siku ngapi? Injini iliyorekebishwa kwa saburi ilidumu karibu miaka hamsini.

Tena kuna ushahidi mmoja wa mwisho. Katika miaka ya 1970 biashara ikawa ngumu. Lamborghini akauza hisa zake na kiwanda cha matrekta, na kufikia mwaka 1974 alikuwa amejitoa kabisa akarudi kwenye mizabibu, kazi ya wazazi wake. Alifariki mwaka 1993. Kiwanda cha Sant'Agata kilipita katika mikono mingi, na tangu mwaka 1998 ki chini ya Audi ya Ujerumani, lakini hakikufa. Kama chanzo kingekuwa moto wa moyo wa mtu mmoja, kuondoka kwake kungekuwa majivu. Kilichobaki ni kile ambacho kisa hakikukitaja: karakana, michoro na mafundi.

Nisije nikaonekana mchoyo, niseme na lililo kweli katika kisa. Latufunza kwamba mtumiaji wa chombo ana haki ya kukisema, na kwamba jina kubwa si hoja. Ferrari alikuwa na sifa zote za dunia. Lamborghini alikuwa na klachi mbovu mkononi, na klachi ilikuwa shahidi bora. Mwanafunzi aliyeonyeshwa ukweli wa namna hiyo asinyamaze kwa sababu anayebishana naye ni mkubwa. Faida hiyo ya kisa tuitunze. Tuache tu kuiita asili ya gari.

Sasa tuvuke bahari turudi nyumbani, kwa kuwa Kenya nayo ina kisa chake cha asili ya motokaa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde motokaa ya Kenya, hata kama ingekuwa mbaya kwa sura au ya polepole kwa mwendo. Wakaunda. Magari matano ya majaribio yakatengenezwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa hadharani mwaka 1990, na mwendo wake ukafika kilomita 120 kwa saa. Shirika lililoitwa Nyayo Motor Corporation likawekwa ili magari hayo yatolewe kwa wingi. Fedha hazikupatikana, na hakuna hata moja lililopata kuuzwa dukani.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko kama kile cha Italia kisimuliwavyo kwa makofi, na kicheko hicho chatokana na kosa lile lile. Wanaocheka wamtazama mtu mmoja aliyeamuru, kama wanaopiga makofi wamtazamavyo mtu mmoja aliyekasirika. Katika visa vyote viwili mafundi hawaonekani. Mimi siwacheki waliounda Nyayo Pioneer. Kufanya gari litembee kilomita 120 kwa saa, katika nchi ambayo viwanda vyake vya Nairobi, Thika na Mombasa vilikuwa vya kuunganisha vipande vilivyotoka ng'ambo, si mchezo. Magari yao matano yalikuwa na injini ndani. Lile la Torino lilikuwa na vigae.

Tofauti, basi, haikuwa akili, wala haikuwa moyo. Tofauti ilikuwa mpango wa mambo. Huko Emilia trekta lilitangulia, motokaa ikafuata. Chombo kisicho na fahari, kinachotakiwa na watu wengi, kiliuzwa kwa miaka kumi na mitano, kikalipa mafundi, kikafunza wasubu, kikajaza hazina. Ndipo likaja gari la fahari, lililouzwa kumi na matatu kwa mwaka wa kwanza bila kumfilisi mwenyewe. Kwetu tulianza na fahari. Tuliitaka motokaa kabla ya kuwa na trekta letu, na trekta hapa nasema kwa maana pana: pampu ya maji, plau la ng'ombe, mashine ya kusaga, kipuri cha baiskeli, kitu chochote ambacho mama wa Rangwe au mvuvi wa Homa Bay angekinunua kesho na kukinunua tena kikichakaa.

Na sikia mwisho wa habari, ambao wachekaji hawausimulii. Lile shirika la motokaa lilibadilishwa jina likawa Numerical Machining Complex, karakana ya kuchonga vipande vya chuma kwa ajili ya viwanda vya nchini. Yaani lililopaswa kuwa mwanzo likaja kuwa mwisho. Gari lilikwenda, karakana ikabaki. Wengi huona hapo kaburi la ndoto. Mimi naona mbegu iliyochelewa kupandwa, maana karakana ya vipande ndiyo mama wa kila motokaa iliyopata kuundwa duniani.

Huko Migori, msomaji, ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu bila saruji karne nyingi zilizopita, na mwaka 2018 UNESCO ikaziandika katika orodha ya urithi wa dunia. Hakuna jina la shujaa juu ya lango. Jamii moja ilijenga, nyingine ikaja ikaishi humo na kutengeneza palipobomoka, na nyingine baada yake. Kila jiwe lashikwa na jiwe lililo jirani nalo. Hadithi ya namna hiyo ni ngumu kusimulia kuliko ya tusi na kiapo, na pengine ndiyo sababu vijana wetu wanaijua Lamborghini na hawaijui Thimlich.

Basi, utakaposimuliwa tena asili ya kitu kikubwa, motokaa au daraja au shule, usikatae kufurahi, lakini baada ya makofi uliza maswali matatu. Kabla ya siku ile ya hasira, kazi gani ilikuwa ikifanywa kwa miaka mingi? Ni mikono ya nani isiyotajwa? Na jambo lilipoharibika mara ya kwanza, walirudi karakanani au walifunika? Ukijibiwa maswali hayo utakuwa umeijua asili. Na kama siku moja mwenye gari zuri atakutuma urudi kwenye trekta lako, mshukuru na urudi kwa furaha. Fungua injini yake, utazame inavyofanya kazi.